Fiorenza Aliporudia Wimbo

Parma, Jumatatu

Kaka yangu Egidio,

Namshukuru Mungu, goti langu limepata nafuu. Jana binti yako Fiorenza, uliyemkataza kuimba, aliimba peke yake ukumbini mbele ya watu, piano tu ikimfuata. Nyimbo za mwanzo zilipita kama ukungu wa mtoni, nikasahau rozari mkononi. Kwenye wimbo wa opera, sauti ikamkatika kwenye noti ya juu kabisa. Watu wa roshani ya ukumbi, unaowajua kwa kuzomea, safari hii hawakuzomea. Kisha mzee mmoja wa huko juu akapaza sauti: "Pumua, mwanangu! Nani ana treni ya kuwahi?" Wakacheka, Fiorenza akarudia wimbo, akaifikia noti ile.

Nyuma ya pazia akauliza, "Shangazi, baba bado ana hasira?" Nikamwambia umeshamsamehe, barua yako iko njiani. Iandike leo, kaka, nisiwe na la kuungama Jumamosi.

Dada yako akuombeaye,
Ornella