Diski Mbili za Msumeno

Tarehe 3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni kikohozi tu cha vumbi la mbao, nacho tumeshazoeana. Mgongo unaendeleaje? Mama anasema umeanza tena kubeba mbao peke yako kama kijana anayetafuta mchumba.

Nimekutumia diski mbili za msumeno wako wa meza. Moja ina meno ishirini na nne, nyingine sitini. Zilinganishe mwenyewe, maana wewe ndiye uliyenibandika jina la Sentimita na kunifundisha kuchagua diski kwa sikio. Niambie pia ipi ina kelele kidogo.

Mwanao,
Sentimita

Tarehe 20 Machi

Kwako Sentimita,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kuwa ni wangu. Na Mama yako asikudanganye, nabeba mbao mbili tu.

Diski nimezijaribu kwa ubao uleule. Ya meno sitini inakata ubao kwa upana, safi, hata msasa hauhitaji, lakini ukiilazimisha kupasua kwa urefu inajivuta na kuunguza mbao. Ya ishirini na nne inapasua bila kusukumana, ila kingo za ubao zinataka randa. Kelele hakuna, zote kimya kabisa. Siku hizi wanatengeneza vitu vya maana. Nafunga ya ishirini na nne, nina mbao za meza kumi na mbili za shule.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo sina utani, unisamehe. Diski ya meno ishirini na nne si kimya. Hapa karakanani tunaziba masikio tukiifunga, na majirani bado wanalalamika.

Nilikuuliza makusudi. Mama anakuita mara tatu ndipo unageuka. Simu zangu hupokei, unataka barua. Masikio yamekwisha, Baba, na hujamwambia mtu. Diski ikibanwa na ubao, utajuaje? Ukizima, utajuaje imesimama? Usiuwashe huo msumeno mpaka nije. Naogopa.

Mwanao,
Sentimita

Tarehe 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita na zaidi. Kasirika upendavyo, lakini niandikie. Mama naye ananijibu kwa mkato.

Mwanao

Tarehe 28 Mei

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu, kwa hiyo mkono upo.

Nilikasirika sana. Kutegwa na mtoto niliyemshikisha penseli mwenyewe! Nikasema nitakuonyesha, nikapasua mbao za meza saba bila kukuandikia neno. Mama yako nilimkataza kukwambia.

Jumanne nilizima msumeno, nikanyoosha mkono kuokota kipande. Diski ilikuwa bado inazunguka. Imechukua kifungo na nusu ya mkono wa shati, ngozi haikuguswa. Nilikaa chini kwenye maranda nikalia, na kilio chenyewe sikukisikia.

Nilichoficha si masikio tu. Niliogopa kuwa mzee wa kukalishwa kwenye kiti na kuulizwa kama ameshakula. Kazi hii ndiyo mimi, sijui kuwa mtu mwingine.

Diski zote mbili nimezichomoa, Mama yako kazificha na wala sitaki kujua wapi. Zimebaki meza tano. Omba likizo uje upasue wewe, mimi nitapiga randa na kuunga.

Ukifika usiniite kutoka mlangoni. Ingia mpaka ndani, unishike bega.

Baba yako