Wachezaji Watatu Niliokuletea

Mji Mkongwe, Unguja
Jumamosi

Baba yangu mpenzi, Mzee Jaku,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba uondoke barazani uingie ndani, na hata mama usimsomee kwa sauti. Maneno haya yakitoka nje, aibu itakuwa yangu na yako.

Natumai goti limepoa na useremala unaendelea. Mimi mzima, ila nina jambo la kuungama.

Unajua niliajiriwa kuwa karani wa muda katika ofisi ya mizigo, Malindi. Bi Shemsa, mkuu wetu, alitaka tuwe na programu yetu wenyewe ya kupokelea mizigo, akaniuliza, kwa kuwa nimesomea kompyuta, tuiandike kwa nyenzo gani, maana ziko nyingi. Niliogopa kubahatisha. Nikafanya ufanyavyo wewe: misumeno mitatu, ubao mmoja. Nilitengeneza kitu kidogo kile kile mara tatu, kila mara kwa nyenzo nyingine. Kitu chenyewe nitakitaja nikipata ujasiri.

Jumatano nilisimama mbele ya wakubwa. Niliwaambia nyenzo ya kwanza ni nzito, ya pili huzimika kazi inapopamba moto, ya tatu nyepesi na haichoki. Mtaalamu mmoja akataka kujua nani kazijaribu. Nikajibu ni fundi mmoja asiyesamehe kosa. Bi Shemsa akacheka, akasema, "Tunachukua ya tatu, na Nusrat ndiye atakayeandika." Ajira yangu sasa ni ya kudumu, Baba.

Fundi huyo ni wewe. Wale watatu unaocheza nao bao kwenye simu yako si watu; ndicho kile kitu kidogo, programu ya kucheza bao niliyoiandika mara tatu. Yule anayeitwa Mkubwa, uliyesema anashika kete mpaka chai inapoa, ni nyenzo ya kwanza. Miraji, anayekimbia kila ukikaribia kumfunga, ni ya pili. Na Abdulla, uliyemsifia adabu Kizimkazi nzima, ukanipigia kusema, "Kama hajaoa, aje na wazee wake," ni ya tatu. Sikukwambia mapema nikichelea usije ukawahurumia kwa kuwa ni kazi ya mwanao.

Nasikia shangazi Khairat ameshaanza kuulizia ukoo wake. Tafadhali mzuie. Abdulla hana wazee wa kuja kuposa. Aliyemzaa ni mimi, na namna anavyoilinda nyumba yake kwenye bao niliipata kwa kukutazama wewe. Ukoo wake ni huu huu wetu.

Nisalimie mama na wote wa nyumbani. Usipige simu ya ofisini, Bi Shemsa huipokea mwenyewe. Nipigie ya mkononi baada ya Alasiri. Na kama una hasira, hutaki kusema nami, basi cheza mchezo mmoja tu na Abdulla. Huku nitauona, nami nitajua umenisamehe.

Mwanao,
Nusrat