Nilimpa Mbili Juu ya Kumi

Shangazi Rachelle wa gazetini, amahoro. Naandika mbio mbio maana katiye yetu, mutaa muzima hapa Rumonge, imeninunia, na wewe ndiye mutu pekee aliyebaki ambaye sijamuharibia jioni yake.

Naitwa Mwanvua, baba yangu ni Mzee Bakari anayeuza mawese nyuma ya soko, na ugonjwa wangu ni mumoja tu: siwezi kuangalia filamu nikanyamaza. Karibu na kwetu iko sine, banda la kuonyesha filamu, ya kijana anaitwa Mansuri, anawasha seri za televisheni, anashika mikro, na kila wanachosema Waturuki na Wahindi anatutafsiria kwa Kiswahili, ingawa Kituruki hajui, Kihindi hajui, anaangalia tu midomo na machozi halafu anatunga, na anatunga vizuri, Shangazi, wee acha tu, tajiri wa Istanbul anamuambia mukewe twende Minago tukale samaki mukeke wa kuchoma, na mutu akifa Mansuri anasema huyu amezimia tu, atapona, kwa sababu moyo wake hauwezi misiba.

Likija tukio kubwa anasimamisha picha, anauliza, “Haya Mwanvua, unasemaje?” na mimi nasimama natoa pointi. Filamu ya Kihindi, shujaa amepigwa risasi na bado anaimba, nikaipa tisa, maana mutu anayekufa ana haki ya kuimba. Seri ya Kikorea, wanaangaliana episodi nane bila kushikana hata kidole, nikaipa tatu, nikasema kwa muda huo watu wa Kizuka hapa jirani wangekuwa wameshazaa. Ile ya karate, muzee mwenye ndevu nyeupe anauawa mwanzoni, sifuri! Kwa nini kila filamu ni yeye tu, si wamuache apumzike? Ya Kinijeria yenye mama mukwe wa kutoa macho, nikaipa kumi na moja ya zawadi, maana yule mama mimi namujua, ni jirani yetu, tafadhali hapo usichapishe.

Basi Jumamosi iliyopita sine ilijaa, mpaka nikashangaa kwa nini wamama wote wamepaka wanja. Muturuki mumoja mwenye koti refu akapiga magoti mbele ya mwanamuke, na Mansuri kwenye mikro, sauti inamutetemeka, akasema, “Binti wa muuza mawese, moyo wangu umekuchagua, utakubali kuwa muke wangu?” Akasimamisha picha. Akauliza, “Haya Mwanvua, unasemaje?” Na mimi nikajua ni mambo yake ya kila siku ya kuingiza Rumonge ndani ya Uturuki, nikasimama, nikasema kwa sauti: “Mbaya kabisa! Magoti anapiga kama anatafuta sindano iliyoanguka! Mwanamuke akimukubali huyu hana akili. Mbili juu ya kumi!” Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Rafiki yangu Hadjara akanivuta kitenge: “We mujinga, alikuwa anakuposa!” Kumbe sine nzima ilijua, isipokuwa mimi.

Mansuri akaweka mikro chini, akazima picha, na mupaka leo hatujui yule mwanamuke alijibu nini. Tangu siku ile anawasha filamu bila kusema neno, watu wanakodolea midomo tu, bibi mumoja anauliza kila saa, “Nani amekufa?” na hakuna wa kumuambia amezimia tu. Sasa nasikia Ijumaa baada ya swala anafunga sine, anaenda Nyanza-Lac kwa kaka yake kuuza dagaa, hizi ndagala zetu. Na mimi nampenda, Shangazi! Nampenda tangu ile filamu alipokataa kumuua mufalme wa Wachina, akasema amezimia tu! Lakini nikienda kuomba musamaha, mudomo huu utasema tena kwamba Muturuki alipiga magoti vibaya, maana kweli alipiga vibaya. Nifanye nini? Murakoze.

Mwanvua, Rumonge

*

Mwanvua mwanangu, umenichekesha mpaka chai imemwagika kwenye meza ya ofisi, na mhariri amekuja kuuliza kama naumwa. Nikishamaliza kucheka, nitakugombeza.

Wewe msichana una macho ya kuona kidole kisichoshikwa huko Korea, halafu mwanaume anatetemeka mita mbili kutoka kwako huoni! Wamama wamepaka wanja huoni! Hata baba yako kutajwa kwa biashara yake, bado unahesabu pointi. Aibu, mwanangu. Na huyo Mansuri naye asijifanye maskini wa Mungu. Nani alimwambia binti wa watu anaposwa kwa mikro, mbele ya wauza samaki, kwa mgongo wa Mturuki? Mwoga tu huyo. Mzee Bakari ana sebule, sebule ina viti.

Sasa nisikilize, Ijumaa iko karibu. Kesho jioni nenda sine, kaa palepale pako pa mbele. Mwombe arudishe episodi ile ile. Atanuna, atajifanya hasikii. Usimjibu, usimpe pointi, uma ulimi kama ni lazima. Picha ikifika kwenye magoti, simama, chukua ile mikro mwenyewe, umtafsirie yule mwanamke jibu lake. Sentensi moja tu! Ukianza habari za sindano mimi sikujui. Ukimaliza, umwambie Mansuri amtume mjomba wake kwa Mzee Bakari asubuhi, kwa heshima, kama watu.

Jambo moja la mwisho, maana nakujua sasa, utataka kwanza kujua mwanamke wa kwenye seri alisema nini hasa. Mimi huku Bujumbura nimeiona hiyo episodi, na tafsiri ilikuwa imeandikwa chini ya picha. Alikataa. Alimwacha pale chini na koti lake, akapanda ndege.

Wewe tafsiri vibaya, mwanangu. Sema amekubali.

Shangazi Rachelle