Itongo la Nyandwi

Jumatatu, 2 Oktoba 1978

Nimenunua madaftari mawili duka la ushirika, yote ya kijani, yanafanana kabisa. Moja la mihutasari ya Halmashauri ya Kijiji — mimi ndiye katibu, si mchezo! La pili langu mwenyewe, la kutolea yaliyo moyoni. Protasi mume wangu nikimwambia neno ananijibu "mm" tu.

Habari ya leo: Kamati ya Kata imeunga mkono. Shamba la marehemu baba yetu Nyandwi, lenye mikahawa ya kwanza upande huu wa Nyamiaga, lipendekezwe liwe kumbukumbu ya taifa. Mikono yote juu. "Shamba ra kihistolia!" akasema Mwenyekiti wetu Ansbert, r na l zake zimegombana kama kawaida. Eti baba aliwakusanya majirani wakajenga kingo za mawe kwa pamoja kabla hata neno ujamaa halijasikika huku.

Ni kweli walijenga. Na mimi je? Mwaka 1939 nilikuwa na miaka minane, mawe kichwani, mdogo wangu Pancras mgongoni. Leo shamba ni la Pancras. Mimi ni binti, niliolewa, nikaenda zangu.

Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Moyo ulikuwa umenuna.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nilikwenda kumwamkia Mama kule shambani. Shikamoo, marahaba, hata sijakaa — nasikia vicheko kwenye mikahawa. Mpiga picha! Ametumwa kutoka wilayani. Na nani anapigwa picha akiwa ameshika shina la mti wa kwanza? Wifi yangu Kalista. Kitenge kipya, kichwa ameinamisha kidogo upande, meno yote nje.

Kalista aliolewa pale mwaka 1966! Ule mti ulikuwa unazaa yeye hajaota meno.

Akaniita, "Wifi, njoo nawe usimame hapa." Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Niliteremka kilima najisemea peke yangu mpaka mtu mmoja njiani akaniuliza kama ninaumwa.

Naumwa, ndiyo. Naumwa na wivu, niandike tu, nani atasoma? Mwaka wa Operesheni Vijiji sisi tulipakiwa kwenye lori, mimi na Protasi na masufuria, tukaletwa kwenye viwanja vya mstari. Migomba yetu ikabaki kule inaliwa na nyani. Wao? Ramani ya kijiji ilipochorwa, shamba likaangukia ndani. Hawakuhamishwa hata kuku! Na sasa taifa zima liwakumbuke.

Alhamisi, 12 Oktoba

Niandike yote, hata yasiyopendeza.

Amekuja Bwana Bulugu, Afisa Utamaduni wa Wilaya. Mtu wa Geita, Msukuma, mcheshi, viatu vimejaa tope. Mvua ilimzuia kupanda shambani, pikipiki ingeteleza, basi tukakaa ofisi ya kijiji. Kwanza likaja suala la kibao. Majina gani yaandikwe? Mwenyekiti akataja: Nyandwi, mwanzilishi. Pancras, mrithi. Kalista, mtunzaji.

Mtunzaji!

Nikasubiri jina la nne. Mwenyekiti akahamia ajenda nyingine. Nikaandika yale matatu kwa mwandiko mzuri, na macho yananiwasha.

Halafu Mama akaitwa aeleze. Mama Mukandayisenga, mzee wa watu, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Bwana Bulugu akamuuliza hili shamba ni kitu gani kwenu. Mama akajibu kwa fahari, "Ni itongo la Nyandwi."

Bulugu akacheka, akapiga goti lake. "Ah, itongo! Hilo hata kwetu lipo, halina haja ya kutafsiriwa. Ndugu Katibu, andika: mahame ya marehemu Nyandwi."

Kwetu Wahangaza itongo ni ardhi ya urithi, mahali mnapoishi, mlipozika watu wenu. Nina majirani Wasukuma kwenye mstari wetu, najua wao wanasema nini: kwao itongo ni pale watu walipohama, nyumba ikaanguka, yakabaki majani, yaani mahame. Neno moja, mambo mawili. Ndani ya chumba kile aliyeyajua yote mawili ni mimi.

Mama aliniangalia. Neno "mahame" halijui. Alikuwa anatabasamu.

Nikaandika mahame. Kwa mwandiko ule ule mzuri. Mwenyekiti akatia sahihi bila kusoma, muhuri, puu! Bulugu akaondoka na nakala mbili.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ni neno tu. Wilayani wana watu wasomi, watauliza. Na kama hawatauliza, shauri lao. Mimi ndiye mwenye mahame halisi, kule kwa nyani, na hakuna aliyekuja kunipiga picha.

Alhamisi, 2 Novemba

Vita! Redio ya Mwenyekiti imezungukwa na kijiji kizima. Majeshi ya Uganda yameingia, yamefika mpaka Kyaka. Watu wanakimbia na watoto. Wanaume wa mgambo wameambiwa wajiandae. Hakuna anayetaja kibao wala kahawa.

Nilifurahi kwamba hakuna anayetaja. Niandike na hilo.

Jumanne, 7 Novemba

Pancras ameondoka. Miaka arobaini kasoro, na goti lake lile bovu, lakini yumo mgambo na ameitwa. Lori lilijaa, wanaimba. Kalista analia bila sauti. Mama hakulia, alimwekea ndizi za kuchoma mfukoni.

Alinishika mkono kutoka juu ya lori. "Dada, nyumbani nakuachia wewe. Kalista hajui kusoma. Karatasi yoyote ikija, wewe ndiwe macho yetu."

Nikasema nenda kwa amani. Nikasema usiwe na wasiwasi! Mimi huyu huyu.

Jumatano, 15 Novemba

Barua imekuja, na kama katibu nimeifungua mimi. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Wilaya imekubali, inaunga mkono kwa moyo wote, inalipeleka jina Dar es Salaam. Hongera kwa kijiji. Halafu: "Kwa kuwa muhtasari wenu unathibitisha kwamba eneo ni mahame, yeyote anayekaa humo ni mvamizi. Majengo yote yaondolewe kabla ya tarehe mosi Desemba, na wahusika wapewe viwanja kijijini."

Majengo yote. Ni nyumba ya Mama na nyumba ya Kalista! Basi, hakuna mengine. Mama ana miaka sabini na kitu, aje kukaa kwenye mstari kama mimi, aone choo cha jirani kila akifungua mlango.

Nilitaka waguswe kidogo. Nilitaka Kalista aonje lori. Mungu wangu, nilitaka hivyo kweli, na sasa kimekuja nilichokitaka.

Barua nimeiweka chini ya godoro. Sijamwonyesha mtu.

Jumamosi, 18 Novemba

Kalista amekuja kwangu. Ameniletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, ameichemsha mwenyewe na majani yake. Ameketi, anazungukazunguka, mwisho akasema ana jambo limemkaa rohoni.

Kumbe siku ile ya mkutano alikuwa nje akimsubiri Mama, akayasikia majina ya kibao, akamfuata Bwana Bulugu kwenye pikipiki. Akamwambia, "Jina la wifi yangu limesahauliwa, yeye ndiye aliyebeba mawe, mimi niliyakuta." Bulugu akamjibu kwamba katibu si ndiye huyo huyo binti? Basi aliongeze mwenyewe kwenye muhtasari, yeye hana pingamizi.

"Kwa hiyo uliliandika, wifi?"

Nikasema bado.

Yaani angekuwa mbaya ningepumzika! Hata wema wake unaniudhi. Amekwenda, nimetafuna kahawa yake mpaka ulimi umekauka, na barua bado iko chini ya godoro. Protasi ameniuliza kwa nini ninalia. Leo ndiyo ameamua kuniona.

Jumatatu, 20 Novemba

Naandika nikiwa shambani kwa baba, kwenye benchi. Watu wanadhani nachukua kumbukumbu za mkutano.

Bwana Bulugu amekuja bila taarifa, asubuhi, na watu wawili wa ujenzi. Jua kali, safari hii amepanda mpaka juu. Amesimama mbele ya nyumba mbili, moshi unatoka jikoni, anauliza hizi zimetoka wapi. Je, ni watu waliojipenyeza wakati huu wa vita? Barua yake hamkuipata? Mwenyekiti anaapa hajaona barua yoyote. Kalista ameshika nguzo ya mlango. Ananiangalia mimi tu.

Mama ametoa kigoda chake, amekaa mlangoni katikati kabisa, miguu ameinyoosha. Hawezi kupita mtu pale.

Bulugu si mtu mbaya. Amekunja uso, anajikuna kichwa. Anasema yeye anafuata maandishi. Basi muhtasari usomwe hapa hapa, mbele ya wote, neno kwa neno, tujue siku ile kilisemwa nini.

Mama amedakia, "Usomwe! Binti yangu ndiye aliyeandika." Amewageukia watu wote, anacheka, anajivuna kwa ajili yangu.

Nimetafuta daftari la muhtasari kikapuni ili nisome. Halimo. Kwa haraka za asubuhi nimechukua la kwangu tu, hili la kijani, lile la muhtasari liko nyumbani mezani. Nimepekua kikapu mara mbili kuhakikisha.

Mwenyekiti anasema, "Ndugu Katibu, tunakusubili." Ukurasa wa Alhamisi, tarehe 12, wenye maana zote mbili za itongo, ndio huu, nimeuwekea kidole. Ninaambiwa nisimame.