Kapasita Uliyoiweka Kinyume

Otonglo, Kisumu
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Nakuamkua kwa heshima. Natumaini baridi ya Wundanyi haijakukaza mgongo, na kile kikohozi kimekuacha ulale. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na wewe ndiye uliyeuumiza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anaishika Mama, na Mama hajui kuongea na simu bila kufungulia spika hadi majirani wasikie. Maneno haya ni yako kwanza. Nimempa jirani yetu, mke wa mwalimu, aliyekuja huku kumtembelea bintiye, akuwekee mkononi.

Kibanda changu kinanilisha. Natengeneza spika za makanisa na mitambo ya wanaokodisha muziki wa matanga, na huku kazi hiyo haikauki. Joto ndilo linalonichosha, kila siku jasho lanidondokea juu ya waya.

Nilipokuja Kisumu uliniagiza nisikanyage Kisian kwa Mjomba Odera, kaka yake Mama. Nilitii. Lakini Kisian na Otonglo ni pua na mdomo. Mwezi uliopita akaja mwenyewe, ile amplifaya ya gitaa ya bendi yenu imefungwa nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa sokoni.

"Okewa," akaniita, ndivyo wanavyomwita mtoto wa dada, "baba yako aliniambia hii maiti nizike mimi mwenyewe. Sijazika. Angalia tu. Kama haitengenezeki, basi."

Hadithi yake nimekua nayo. Kwamba Mjomba alilewa, akachomeka besi yake humo, akakaza sauti hadi valvu zake za kioo zikawa nyekundu kama makaa na moshi ukatoka, na bendi ikafa papo hapo matangani. Ulimfukuza mbele za watu, ukatuhamishia Wundanyi, ukamkataza kufika kwako. Dada Mghoi aliolewa kiti cha mjomba kikiwa kitupu, na Mama akalia jikoni akisingizia moshi.

Sasa nisikilize nikueleze hatua kwa hatua, kama ulivyonizoeza, wewe umefumba macho na mimi nimeshika mita.

Nilianza na fyuzi. Nikaikuta imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isikatike. Nikacheka, nikasema kweli hawa walikuwa walevi. Nikaweka fyuzi halali, nikaunga balbu kwenye waya wa umeme ili kama kuna shoti, iwake balbu badala ya kuungua kitu. Balbu ikawaka kwa nguvu. Nikachomoa valvu kubwa zote, balbu ikafifia na kutulia. Kumbe transfoma ya umeme ilikuwa hai miaka yote hii. Zilizokufa ni valvu zenyewe na transfoma ya spika.

Nikapima volti hasi, ile hatamu inayozuia valvu zisile umeme kupita kiasi. Hakuna kitu. Nikafuata waya hadi kwenye kapasita ndogo, kile kikopo kinachohifadhi chaji, imevimba na kuvuja. Ilikuwa imewekwa kinyume. Fundi aliunganisha hasi kwenye bodi ya chuma, kama tulivyozoea kwenye redio, mahali ambapo chanya ndiyo ilipaswa kukaa. Kapasita ya namna hiyo huvumilia siku chache kisha hufa, hatamu ikakatika, na valvu zikajichoma zenyewe. Hata kama Mjomba angekunywa maji matupu siku ile, zingeungua.

Na kiungo chake kilifunikwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukafungwa uzi mweusi. Baba, sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo. Mimi nafanya kwa sababu ulinifundisha wewe, ukisema selotepu ni ya wavivu.

Hata hapo nilikutetea. Nikajiambia, Baba alikosea bila kujua, fundi gani hakosei? Ndipo nikaikumbuka meza yetu ya Wundanyi, ulivyokishika kidole changu ukakibandika kwenye bodi: "Kwenye volti hasi, chanya inakaa hapa. Ukisahau, umechoma kila kitu." Nikakuuliza nani aliwahi kusahau. Ukasema, "Mtu mmoja huko Kisumu." Nilidhani unamsema Mjomba.

Kwa hivyo ulijua. Ulijua vizuri hadi ukanifundisha mimi, ukashindwa kumwambia mkeo. Kosa la kapasita ningelisamehe kabla chai haijapoa. Lakini ulinilea nikimdharau mtu asiye na hatia. Umenisaliti, Baba. Nimetafuta neno jingine la adabu, sikulipata.

Nilimwonyesha Mjomba, nikitegemea atakasirika. Alikaa juu ya debe, akaniuliza, "So haikuwa mimi?"

Nikamuuliza kama aliwahi kugusa kitu humo ndani.

"Mimi? Hata waya sijui kuunga. Nilikuwa tu napiga bass. Na nilikuwa nimekunywa kidogo, so baba yako akisema ni mimi, nikajua ni mimi. Bass nikauza. Hata salamu niliona aibu kutuma." Kisha akasema, "Nyaminwa anajua?"

Aliuliza kama dada yake anajua.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yako imetoka Kisian ikafika Wundanyi, na Mama ndiye aliyeitembea peku.

Kapasita mpya nimeiweka, chanya kwenye bodi. Transfoma ya spika nimeipata kwenye amplifaya kuukuu, valvu nimeagiza Nairobi. Ilipoanza kuimba nilimpa Mjomba besi ya kuazima. Akairudisha mezani. "Mpaka nyaminwa ajue," akasema.

Krismasi nakuja naye. Mwambie Mama kabla hatujafika, wewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi mbele yako.

Nisalimie shangazi Wakesho, dada yako anayeimba kwaya, na kaka Mghanga, kifungua mimba wetu. Mwambie dada Mghoi kwamba mjomba wake anauliza ana watoto wangapi, ajue abebe omena kiasi gani, hawa dagaa wa huku ziwani.

Mama usimpe salamu zangu. Mpe kwanza habari zako. Akishazisikia anipigie, na spika aifungulie vile vile. Mjomba atakuwa amekaa kando yangu.

Mimi mwanao, ambaye bado nakuita Baba,
Mwadime