Jino la Bunduki ya Queensburgh

Durban, 5 Februari 2012

Tonton Léonard,

Kabla sijakusalimu, kaa vizuri kwenye kiti usije ukaanguka. Katika Durban hii nzima, kuanzia ufukoni mpaka Pinetown, hakuna fundi mwenye mkono kama wangu. Nikiingia ateliye, karakana yetu, asubuhi, misumari inasimama yenyewe kama askari mbele ya kanali. Anayebisha hajaniona bado.

Sasa salamu. Hujambo, Tonton? Mgongo unaendeleaje? Masikio siulizi, najua jeshi liliyala, na ndiyo sababu nakuandikia. Kukupigia simu wewe ni kuhubiria ukuta. Mama mdogo Henriette hajambo? Watu wa Uvira bado wanavunja baiskeli ili wewe ule? Mimi niko mzima kabisa, nimenenepa mpaka shingo.

Habari kubwa: nimeacha kulinda magari. Pale parking, gari la mzee mmoja Mhindi liligoma kuwaka. Nikaliamsha kwa kipande cha waya na matusi mawili. Akaniuliza, "Wewe umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwa baba yangu mdogo, chuo kikuu cha baiskeli." Akacheka mpaka akakohoa. Anaitwa Bwana Moodley. Ateliye yake iko Jacobs, katikati ya viwanda, na anatengeneza bunduki za watu wenye vibali, za kuwindia na za kushindania shabaha. Najua unakunja uso. Tulia. Zenye risasi sizigusi, mimi nashughulika na chuma mezani.

Mikono ya mzee imeanza kutetemeka, kikombe chake cha chai kinalia kama kengele ya misa. Anataka mtu mmoja wa kumfundisha miaka mitatu, na mwisho karatasi ya ufundi. Tuko wawili tunaoitaka nafasi hiyo: mimi, na mpwa wake Kreesan, ambaye amemaliza shule na anajua sana kuvaa overoli safi.

Mtihani wangu ni huu. Mzungu mmoja wa Queensburgh ameleta bunduki ya babu yake, bunduki ya zamani ya jeshi, ya mbao na chuma, nzito kama mlango. Ukilenga katikati, risasi inakwenda kushoto, shibiri nzima. Lile jino dogo la mbele la kulengea, juu ya mdomo wa mtutu, linatakiwa lisogee kidogo kwenye mfereji wake. Halisogei. Limeganda pale tangu babu alipokuwa kijana. Bwana Moodley amesema, "Prodige, ulisogeze kabla ya Jumamosi tarehe 10 Machi, twende uwanjani tukalijaribu. Ukiweza, nafasi ni yako."

Wewe ulikuwa fundi wa silaha jeshini miaka kumi na minne. Kama iko neno unalo, andika. Siombi msaada, nakupa nafasi ya kujivunia mtoto wako.

Mimi mtoto wako,
Prodige, mkono wa Durban


Uvira, 21 Februari 2012

Kwa Prodige, ambaye misumari humpigia saluti,

Tumepokea barua yako, nasi ni wazima. Mgongo unauma mvua ikinyesha tu, na hapa inanyesha kila siku. Mama yako mdogo anauliza kama unaenda kanisani au na Mungu naye umempa nafasi ya kujivunia.

Nilikunja uso, kweli. Tangu nilipovua ile sare sijamwambia mtu neno hata moja la kazi ile. Nilidhani nitazikwa nayo. Lakini umeuliza, basi soma polepole, kidole juu ya mstari, kama ulivyokuwa ukisoma darasa la tano kabla hujatoroka.

Usipige kitu kabla hujatazama. Pembeni mwa jino, kwenye ukingo wa mfereji, utaona kidoa kidogo kilichobonyea. Fundi wa jeshi alikipiga kwa tindo ili jino lisitembee. Hicho ndicho kinacholishika, wala si kutu. Kikwangue kwanza. Kisha tia mafuta, uache yalale siku mbili.

Usipige kwa chuma. Weka kipande cha shaba ya manjano katikati, upige juu yake. Ukipiga chuma kwa chuma, jino litakatika, nalo ni la bunduki ile ile, hupati la dukani.

La tatu ndilo wajanja wote hukosea. Risasi ikienda kushoto, jino nalo lisukume kushoto. Jino linafuata kosa. Kichwa chako kitakataa. Chora kwenye karatasi mpaka kikubali.

Piga kidogo, halafu sikiliza. Chuma kilichogoma kinalia kikavu. Kikianza kuachia, sauti inalainika. Mimi siwezi kuisikia tena sauti hiyo. Isikilize kwa niaba yangu.

Barua hii anaileta Marie-Claire, binti Nahimana, anayekuja huko na vitenge. Anapanda basi kesho. Ana daftari lake, utaandika jina na tarehe uliyopokea. Miaka sita anabeba barua na vifurushi vya mtaa huu wote, na hajapoteza hata bahasha.

Baba yako mdogo,
Léonard


Durban, 18 Machi 2012

Tonton,

Salamu nyingi kama mchanga. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo, ila mkono wa Durban umefungwa bandeji.

Barua yako tamu imefika Jumatano, tarehe 14. Umesikia? Siku nne BAADA ya uwanja. Marie-Claire sijui alikuwa anauza vitenge kwa nyani njiani. Barua ya kuokoa maisha ya mtu imekuja kama daktari anayefika kwenye matanga na sindano mkononi.

Kwa hiyo nilifanya kwa akili yangu. Ijumaa tarehe 9, Bwana Moodley alikuwa ndani anakunywa chai. Nimeibana bunduki kwenye vaisi, lile koleo la mezani, na vitambaa, vizuri kabisa, hata wewe ungepiga makofi. Kreesan amekunja mikono.

"Risasi inakwenda kushoto," nikamwambia, "basi jino liende kulia. Hata mtoto anajua."

"Una uhakika?"

"Wewe tunza overoli yako."

Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Nikachukua tindo la chuma na nyundo ile ya watu wazima. Pa! Likasogea! Tonton, miaka sitini limekaa, mimi nimelisogeza! Nikapiga kelele mpaka watu wa kiwanda cha rangi jirani wakachungulia. Ila lilisogea kulia, na nilipopiga mara ya mwisho kulinyoosha, jino likakatika, likaruka, likanikata kidole, likapotelea chini ya meza.

Bwana Moodley alitoka na kikombe chake kinacholia. Akatazama bunduki. Akaniuliza, "Hukuwa na mtu wa kumuuliza?"

Nikasema, "Nilimuuliza. Barua haijafika."

Akafikiri sana. Mzungu wa Queensburgh ana mashindano ya bunduki za zamani Jumamosi tarehe 28 Aprili. Mzee akasema, kama ni barua iliyochelewa, si kosa langu lote. Nichonge jino jipya kwa tupa, kwa mkono, kutoka kipande cha chuma, kabla ya siku hiyo. Nikishindwa, nirudi parking. Kreesan ananiita Profesa wa Parking. Mwache aite. Kuku anayecheka bado hajaona sufuria.

Niambie jino jipya linachongwaje. Barua hii nimempa dereva Pierre-Claver. Yule mama wa vitenge simwamini tena.

Mtoto wako aliyeonewa na mabasi,
Prodige


Uvira, 1 Aprili 2012

Mwanangu,

Pole na kidole. Tuko wazima, lakini moyo wangu umechafuka.

Nilimkuta Marie-Claire Jumapili baada ya misa. Unajua siku hizi siwezi kupima sauti yangu, kwa hiyo kanisa zima lilisikia. Nilimwambia amemharibia mtoto wangu maisha kwa uzembe. Alisema kitu, nikaona midomo inatikisika, sikutaka kuisoma. Mke wa katekista alikuwa amempa kifurushi cha binti yake aliye Durban. Alikichukua tena hapo hapo mlangoni pa kanisa. Wengine wawili nao wakafuata. Nafikiri nilifanya haki.

Sasa jino. Chonga refu kuliko unavyodhani, refu la kuchekesha. Jino likiwa refu, risasi inapiga chini. Utalipunguza kidogo kidogo hapo hapo uwanjani, mtu akipiga na wewe ukipitisha tupa, mpaka risasi ipande mahali pake. Jino refu hupunguzwa, jino fupi halina dawa. Wewe una haraka, kwa hiyo hesabu. Pitisha tupa mara tatu, kisha weka chini, piga bunduki, tazama. Mara tatu tu. Ukiona mkono unataka ya nne, ukae juu yake.

Ukilitia kwenye mfereji, lisukume kushoto. Umechora?

Pierre-Claver anaondoka saa hii, ananipigia honi, anasema. Mimi namwamini.

Baba yako mdogo,
Léonard


Durban, 30 Aprili 2012

TONTON!

Hujambo, mko wazima, mimi mzima, Mungu mkubwa, tusonge.

Nilichonga meno manne. La kwanza lilifanana na jino la mbuzi. La pili na la tatu usiulize. La nne, Tonton, ningelivaa shingoni! Ili kutoa kisiki cha lile lililokatika, nimekikwangua kile kidoa (kilikuwepo kweli, mahali ulipoandika), mafuta yakalala siku mbili, shaba ya manjano, nyundo ndogo. Nikasikiliza. Kavu, kavu, kavu, halafu tu! Kama mtu anayelegeza koo kabla ya kuimba. Hiyo ndiyo sauti yako. Bado iko, haijafa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mashindano, tukaenda uwanjani. Mzungu akalala kifudifudi, akapiga tano. Zote chini, lakini zimenyooka katikati kama vifungo vya shati. Kreesan akasema, "Inapiga mchanga, Profesa."

"Subiri."

Tupa mara tatu. Akapiga. Zikapanda. Mara tatu tena. Zikapanda. Mzungu ananitazama kama mimi kinyozi ananyoa nywele za mfalme. Mkono ukataka ya nne, nikaukalia kweli, watu wote wananiona nimekalia mkono wangu kwenye nyasi. Mzunguko wa sita, risasi tano zote zikaingia mahali ambapo ungeweza kuzifunika kwa kisahani cha chai.

Mzungu alisimama akasema neno moja tu, "Sharp," yaani safi kabisa. Alikuwa wa pili kwenye mashindano, na aliyemshinda ni mzee aliyeanza kulenga kabla Kongo haijapata bendera. Bwana Moodley akatoa karatasi, akaweka saini kwa mkono wake unaotetemeka. Miaka mitatu. Jina langu limeandikwa kwa mashine. Kreesan alinipa mkono. Nikamwambia overoli yake leo imechafuka, inampendeza.

Nilikuambia nini barua ya kwanza? Soma tena!

Ile habari ya Marie-Claire tuiache, imepita. Usimkaripie tena.

Mtoto wako, fundi mwenye karatasi,
Prodige


Uvira, 27 Mei 2012

Prodige,

Tuko wazima. Hongera kwa karatasi. Niliisoma barua yako mara mbili, ile sehemu ya sauti mara nne.

Marie-Claire alikuja nyumbani juzi. Hakuketi. Alifungua daftari lake mezani, akaweka kidole juu ya jina lako. Nimeujua mwandiko wako tangu ulipoandika jina lako kwenye ukuta wangu kwa makaa. Kando yake iko tarehe 5 Machi.

Sina swali.

Léonard


Durban, 19 Agosti 2012

Baba yangu mdogo,

Hamjambo? Mama mdogo Henriette hajambo? Mimi sijambo mwilini.

Nimechelewa kujibu karibu miezi mitatu, na safari hii hakuna basi la kusingizia. Juni nilianza kuandika, nikachana. Julai nikaandika kurasa mbili za maelezo mazuri sana, ungenihurumia ukalia, nikachana na hizo. Bwana Moodley ananiambia nafanya kazi kimya siku hizi, anadhani nimekomaa.

Juzi Marie-Claire ameingia Durban. Nilimfuata pale anapotandaza vitenge. Nikaenda kifua mbele, unanijua. Nikasema, "Yaya, dada yangu mkubwa, mambo ya zamani tusameheane."

Akaendelea kukunja kitenge. "Tusameheane? Mimi nimekukosea nini?"

Nikashika ncha ya kitenge nimsaidie kukunja, akaivuta.

"Nilikuwa ninabeba barua za nyumba thelathini," akasema. "Leo nabeba vitenge tu. Watu wananisalimu vizuri, Prodige. Ila wakiwa na bahasha mkononi wanaiweka nyuma ya mgongo."

Nikamwambia nitakuandikia wewe kwa siri, utayarekebisha taratibu. Akacheka, kicheko kile kisicho na meno. "Alinitukana mbele ya kanisa. Utaandika, na nitaibeba mimi, bila bahasha. Na itasomwa pale pale mlangoni."

Eish, nilibishana naye saa nzima. Nikamwambia mimi ni fundi mwenye karatasi, nina heshima yangu. Akanipa daftari lake na kalamu, akanigeuzia mgongo, akaanza kuhudumia mteja. Kwa hiyo naandika nimekaa juu ya furushi la vitenge, karatasi imechanwa kwenye daftari lile lile. Mke wa katekista, kama unasikiliza, hujambo. Mpe Marie-Claire kifurushi kingine amletee binti yako huku, anakiulizia.

Bwana Moodley nitamwambia kesho asubuhi, kabla ya chai. Alinipa nafasi ya pili kwa sababu ya ile barua iliyochelewa. Akiichana karatasi yake, aichane. Jino bado ni langu, na linapiga katikati, hilo hakuna mtu atakayelichana.

Meno matatu mabaya nimekueleza, kidole nimekueleza, nyundo nimekueleza. Hayo yote yaliharibika na yakatengenezeka. Moja ndilo sikukueleza.

Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 5 Machi, saa nne asubuhi, siku nne kabla ya nyundo. Nilitia saini. Nikaitambua hata bila kuifungua, kwa ile P yako yenye mgongo. Nikaitia mfukoni mwa overoli, na Ijumaa nilipokuwa nikipiga ilikuwa bado humo, imefungwa, inanigusa pajani kila nilipoinua mkono. Nilitaka jino lile lisogee kwa mkono wangu, na wewe usiwemo.

Mtoto wako,
Prodige