Wifi Amekalia Cherehani Yangu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, tena nyingi, zenye upendo wa dada mtu. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Kile kifua chake kimepona, au bado anakohoa akijifanya ni vumbi? Na wajukuu wanakua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi umekuwa kama mtu wa nyumbani: ukitoa salamu bila kuutaja, unanuna.

Usiushangae mwandiko wangu. Naandika nimelalia ubavu, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia vitambaa, na kila baada ya mistari mitano napumzika. Barua hii nimeianza jana.

Picha uliyotuma niliipata. Umechuchumaa uwanjani, umempakata mjukuu mkono mmoja, na mkono wa pili unafunga kamba za kiatu. Shemeji yako aliisifu, akaiweka kwenye kabati, mbele ya vikombe. Alipotoka nikaigeuza ikatazama ukuta. Ilikaa hivyo siku mbili. Nisamehe mdogo wangu, lakini sikuweza kuvumilia kumwona mtu wa tumbo moja na mimi amechuchumaa, tena anacheka.

Umeniuliza mara mbili nini kilinipata, nami nikakujibu kwa mkato, "mgongo tu." Leo nakueleza yote, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaficha. Wewe uko mbali, na huna mtu huku wa kumpelekea maneno.

Ilikuwa mwezi wa pili. Nilipanda stuli kushusha jora la kitambaa cha mapazia. Jora lenyewe si zito, nimeshusha mangapi katika miaka thelathini ya ufundi. Lilipofika kifuani nikasikia kitu kimelia "ka" kiunoni, kama sindano ya cherehani inapokatikia kwenye kitambaa cha jinsi. Nikasema ni msuli. Nikapaka dawa ya kuchua wiki tatu nzima, chumba kikanuka hadi mlangoni. Kumbe nachua mfupa uliovunjika.

Daktari wa mifupa aliitundika picha kwenye mwanga akanionyesha. Pingili za uti wa mgongo zinatakiwa zipangane kama makopo dukani. Zangu mbili zimebonyea kama makopo yaliyokanyagwa. Alisema mifupa imekonda kwa ajili ya umri, ndani imekuwa na vitundu, na jora lile linalaumiwa bure, hata chafya ingeweza kuivunja. Nilijipima mwenyewe kwa futi yangu ya kazini nikakuta nimepungua inchi moja na nusu. Magauni yangu yote sasa yanaburuza, na mimi ndiye fundi.

Tiba ipo. Nitalazwa kifudifudi, wapitishe sindano nene mpaka ndani ya mfupa, waingize kitu kinachoganda kama saruji. Lakini mtaalamu wa kazi hiyo huja siku mbili tu kwa mwezi, na wagonjwa ni wengi. Nikaandikwa namba thelathini na moja. Nikapewa vidonge na mkanda mpana wa kubana kiuno, nikakatazwa kuinama, kunyanyua kitu, na kukaa kitini zaidi ya robo saa. Fundi cherehani anakatazwa kukaa!

Tangu hapo naishi kwa kuomba ruhusa ya mgongo. Kugeuka kitandani nageuka mzima mzima kama gogo. Birika nalijaza nusu. Kitu kikidondoka chini nakiaga. Nikisikia chafya inakuja nashika ukuta kwa mikono miwili na kumkumbuka Mungu.

Basi, mdogo wangu, maumivu ni jambo moja, na jambo la pili sikujua kama lilikuwamo ndani yangu. Nimeshikwa na wivu. Naona gere kwa kila mwenye mgongo. Jirani akiinama kufagia, namtazama dirishani kama mtu anayetazama chakula cha wengine. Pale hospitali kuna mzee mmoja, karani wa posta mstaafu, mstaarabu sana, kila mara hunipisha upande wa benchi wenye mto. Yeye ni namba thelathini. Nilimchukia kwa ajili ya namba moja.

Lakini hao wote ni cha mtoto mbele ya wifi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kunisaidia tangu mwezi wa tatu. Unamkumbuka, yule mwembamba anayetembea kama amechelewa mahali. Kanizidi miaka miwili, na mgongo wake umenyooka kama rula. Siku ya kwanza nilimshukuru. Siku ya pili alihamisha kopo la sukari. Wiki ya pili shemeji yako alisema chai imekolea vizuri siku hizi, na mimi nikalala nikiihesabu miaka yote niliyompikia chai isiyokolea.

Jikoni wanacheka, yeye na kaka yake. Wanakumbushana mambo ya utotoni, kuna mbuzi fulani aliyekula daftari la shule, na hadithi hiyo haijawahi kuisha tangu aje. Mimi nasikia vicheko tu ukutani. Nikiitikia kwa kucheka, mgongo unanichoma. Nisipocheka, kijiba cha roho kinanichoma.

Kisha akakalia cherehani yangu. Wateja walikuwa na vitambaa vyao hapa, wanavitaka, na wifi anajua kushona, aliwashonea watoto wake miaka mingi. Aliniomba ruhusa, sisemi uongo. Nikamwambia shona wifi, huku moyoni nasema uzi umkatikie. Uzi haukukatika. Unaijua cherehani yangu, inagoma kwa kila mtu, hata binti yangu ilimshinda. Kwa wifi ilikwenda kama imekutana na shoga yake wa siku nyingi.

Sasa ndiyo nafika kwenye aibu yangu.

Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, yule mama mnene, ni mteja wangu tangu akiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa anastaafu Jumamosi na alitaka suti ya kuagwa nayo. Jumatano ya wiki iliyopita alikuja kuijaribu. Niliwasikia sebuleni, wifi anachomeka pini, mwalimu anajigeuza mbele ya kioo. Kisha mwalimu akasema kwa sauti ya mtu aliyepata kitu, "Maisha yangu yote sijawahi kukaliwa na kola vizuri namna hii."

Maisha yake yote. Miaka ishirini ya hayo maisha kola zake nimezishona mimi.

Kesho yake wifi alikwenda sokoni na shemeji yako alikuwa kazini. Niliinuka nikajivuta hadi sebuleni bila mkanda, niliuacha kitandani. Suti ilikuwa imetundikwa. Nikaishusha, nikakaa kitini kwangu, nikachukua wembe, nikaanza kuifumua kola. Nilijiambia naikagua. Nilikuwa natafuta kosa, Chiriku. Sikuliona. Mishono ilikuwa midogo, imelingana, na kwenye kona amegeuza vizuri kuliko ninavyogeuza mimi nikiwa na haraka. Kila nilipoona uzuri wake nikazidi kufumua. Nikamaliza kola, nikaingia begani.

Sijui nilikaa muda gani nimeinama. Nilipotaka kusimama mgongo ulikataa. Ukalia tena ule mlio, juu kidogo ya pale pa kwanza, na miguu ikaniishia nguvu. Wifi aliponikuta nilikuwa sakafuni nimeegemea cherehani, kola mkononi, pumzi nusu nusu.

Aliitazama kola. Akanitazama. Akatua kapu lake polepole.

"Wifi," akasema, "ungeniambia tu nisishone. Ningeacha siku ileile."

Aliniwekea mto chini ya kichwa, akaokota wembe na vipande vya nyuzi, akampigia simu kaka yake. Shemeji yako alipoingia akauliza nilitokaje kitandani, naye akajibu kabla yangu, "Kosa langu. Kola niliikosea, nikamwomba wifi anifumulie." Akafokewa pale pale, hata marehemu mumewe hakupata kumfokea hivyo. Akainamisha kichwa, akavumilia. Nami nilinyamaza. Maumivu yalikuwa makali, lakini mdomo ulikuwa mzima. Ningeweza kusema.

Hospitali wakapiga picha nyingine: pingili ya tatu imevunjika. Daktari akasema sasa siwezi kungoja zamu, akanihamisha kutoka namba thelathini na moja hadi namba nne. Karani wa posta alikuwepo benchini. Aliposikia, alinipa mkono na kunipongeza. Yeye amesogea nyuma kwa ajili ya roho yangu mbaya, na bado amenipisha kwenye mto.

Ijumaa wifi alikuwa anaishona suti upya. Mlango wa chumba changu alikuwa ameuacha wazi. Akaniambia kutoka kwenye cherehani, kama hakuna kilichotokea, kwamba kitambaa cha kola kimechoka kwa kufumuliwa, akauliza kama ni mimi ningefanyaje. Nakuambia ukweli wa Mungu, mdogo wangu, jibu baya lilinijia kwanza. Lilikuwa tayari ulimini. Ningemwambia akaze uzi, na kola ingejikunja mwalimu akiwa jukwaani mbele ya shule nzima.

Nikamwambia aweke bitana nyembamba ndani na alegeze mshono. Akasema asante wifi. Cherehani ikaendelea.

Jumapili nilimwita shemeji yako nikamweleza nani aliifumua kola na kwa nini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanitazama kana kwamba natoka nyumba nyingine. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alitoka akaenda jikoni, nikamsikia anamwomba dada yake msamaha. Mara wakacheka. Nadhani ni yule mbuzi. Na mimi hapa kitandani, nimetoka kutubu sasa hivi, nikaona gere kwamba hata msamaha wameucheka bila mimi.

Jumatatu nilimpigia muuguzi anayetunza orodha. Nikamwambia pingili ya tatu nimeivunja mwenyewe kwa ujinga wangu, na kama kuna haki anirudishe kwenye namba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema orodha inafuata mfupa, haifuati tabia ya mtu, na nisisahau kuja bila kula chochote tangu jioni ya siku iliyotangulia. Ni tarehe ishirini, Jumanne ijayo. Nimeogopa, sikufichi. Wanasema ni nusu saa tu, na wengi hutoka wakitembea.

Jana nilimuuliza wifi atafanya nini nikishapona. Nilitaka kusikia siku ya kuondoka, kwa maana miezi mitatu sikuwa na ombi lingine kwa Mungu. Alikuwa ananivalisha soksi, amepiga magoti. Akasema bintiye wa mwisho amejifungua na anamwita, chumba chake kiko tayari, na huko atakaa muda mrefu, pengine moja kwa moja. Akasema ameshamwambia atakwenda siku nitakayovaa soksi mwenyewe. Alisema kwa furaha, anamjua mtoto huyo hata kwa sauti ya kulia kwenye simu.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikapatazama pale atakapokuwa: binti yule anaamka, chai imekolea, mtu anafagia uani, mtu anamuuliza usiku ulilalaje. Roho ikaniuma ile ile niliyoizoea. Nikajua ni wivu, nikajaribu kuona namwonea nani safari hii. Namwonea binti yake, Chiriku. Nikauvuta mguu nyuma kidogo, soksi ikamponyoka, akaanza upya kuivalisha, wala sikumwambia kwamba nimefanya makusudi.

Nisalimie sana shemeji, wanangu wote watatu, wajukuu, na shangazi ukimpata kwenye simu, mwambie sijamsahau. Binti yangu anakusalimu, na shemeji yako pia. Wifi naye ananiambia nikuandikie salamu zake, hajui nimekuandikia nini.

Niombee Jumanne. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mgongo wako aulinde zaidi, nami nitajitahidi nisiuonee kijicho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa roho hii niliyo nayo,

Fundi wa chumba cha nyuma